Mwalimu Masila na Tarehe ya Wakubwa Wawili

Mwaka elimu ya bure ilipoingia, darasa la sita la Mwalimu Masila lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wawili. Walikaa wanne kwenye dawati la watu wawili, na waliokosa nafasi wakakaa sakafuni mbele kabisa, magoti yao yakigusa viatu vyake, hata alipotaka kuandika ubaoni ilimbidi aombe njia. Vumbi la Kitengela liliingia kwa madirisha yasiyo na vioo, likachanganyika na la chaki, na kufika saa nne asubuhi sauti yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na mitatu. Alikuwa amechoka ule uchovu ambao mtu hulala nao na kuamka nao.

Watoto walimwita Linkoni. Jina hilo lilimfuata kutoka Ewuaso Kedong, alikofundisha kabla ya kuhamishiwa Kitengela mwaka wa tisini na nne, na alikuwa amelitafuta mwenyewe. Kila tarehe kumi na mbili Februari alisimama kwenye gwaride la asubuhi na kuwasimulia wanafunzi habari za wanaume wawili waliozaliwa siku hiyo moja, mwaka mmoja, 1809. Mmoja alizaliwa Amerika katika kibanda cha magogo, akaja kuwa rais aliyesimama nchi yake ilipotaka kugawanyika. Huyo alikuwa Abraham Lincoln. Mwingine alizaliwa Uingereza katika nyumba kubwa ya daktari, akazunguka dunia kwa meli, kisha akakaa nyumbani miaka mingi akichunguza ndege, maua na hata minyoo ya udongo. Huyo alikuwa Charles Darwin. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, Masila alimalizia kwa kusema kwamba na yeye alizaliwa tarehe hiyo hiyo, mwaka wa 1949. Watoto walipiga makofi. Walimu wenzake walitazama saa zao.

Mara moja, mwaka wa tisini na saba, mzee mmoja wa kanisa alimjia nyumbani kumlalamikia kwamba anawasifia watoto yule Mwingereza wa nyani. Masila, ambaye naye alikuwa mzee wa kanisa hilo hilo, alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamwambia kuwa yeye husimulia siku ya kuzaliwa tu, mengine amemwachia Mungu. Februari iliyofuata alisimulia tena.

Tarehe hiyo aliipata mwaka wa sitini na mbili, katika shule ya misheni huko kwao Ukambani. Wavulana walitakiwa kuandikishwa kwa mtihani, na fomu ilitaka tarehe ya kuzaliwa. Hakuna aliyekuwa nayo. Mmishenari aliyewafundisha, Mwamerika mmoja mrefu aliyeitwa Bwana Pruitt, aliwapanga mstari nje ya ofisi, akawaita ndani mmoja mmoja. Masila alipoingia, Bwana Pruitt alikuwa na kitabu kikubwa mezani. Akapekua, akaandika, kisha akamwangalia kwa macho yake ya kijivu na kumweleza kwamba tarehe yake ni ya watu wawili wakubwa, na Mungu hampi mtu siku kama hiyo bure. Masila alitoka nje amejaa fahari. Aliamini kwamba kitabu kile kilikuwa rejista ya misheni, na kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa mle tangu utoto wake.

Mtoto akiambiwa neno kama hilo hulibeba. Masila alilibeba mpaka likamzidi uzito. Alipokuwa na miaka ishirini na saba, yuko Ewuaso Kedong akifundisha watoto ambao nusu yao walitoweka kila ukame ulipohamisha mifugo, alikumbuka kwamba Darwin katika umri huo alikuwa amekwisha kurudi kutoka safari yake ya dunia. Alipotimiza hamsini, alijua Darwin katika umri huo alikuwa amewapa watu wazo ambalo halijaacha kuwagombanisha. Alipotimiza hamsini na mbili alijua Lincoln katika umri huo alikuwa anaapishwa. Yeye, katika umri huo, aliomba unaibu wa mwalimu mkuu kwa mara ya tatu, akapewa mwingine. Mkewe Priscilla hakuwahi kuelewa kwa nini kila Februari mume wake hunyamaza juma zima. Alidhani ni ukavu wa majira.

Kwenye kabati la sebuleni kulikuwa na juzuu moja ya ensaiklopidia, ya herufi L, aliyoinunua Nairobi kwenye vitabu vya barabarani. Ndani yake mlikuwa na picha mbili za Lincoln, moja kabla ya vita na moja ya mwaka wake wa mwisho. Siku hizi Masila alikuwa akitazama ile ya pili tu. Uso ulikuwa umebomoka, mashavu yameingia ndani, macho ya mtu ambaye angeomba tu kuketi.

Septemba ya mwaka huo wa 2003, mwalimu mkuu, Madam Wilkister Adero, alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke mpole kutoka Siaya, na alijua kuchagua maneno.

Alimwambia kwamba jina lake liko kwenye orodha ya watakaostaafu mwaka ujao. Atatimiza hamsini na tano Februari, na tarehe kumi na mbili itakuwa siku yake ya mwisho kazini. Lakini wale wa pensheni walitaka cheti cha kuzaliwa, na kwenye faili lake hakikuwemo.

"Mwalimu, nenda Kajiado mapema," alisema. "Hiyo kitu iko na mlolongo. Na uende na mtu wa nyumbani anayejua vile ulizaliwa."

Masila alirudi darasani, na kwa mara ya kwanza mwaka ule kelele hazikumuumiza kichwa. Miezi mitano. Alihesabu majuma kwa vidole nyuma ya mgongo huku watoto wakinakili.

Mtu wa nyumbani anayejua alikuwa mama yake, Kaluki, ambaye waliishi naye tangu baba alipofariki. Alikuwa amepita miaka themanini, macho yamefifia, lakini akili yake ilikuwa imekaa sawa. Jioni hiyo Masila alimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni akichambua maharagwe kwa kuyagusa. Alimweleza kwa Kikamba kwamba watakwenda Kajiado aseme mbele ya karani kwamba mwanawe alizaliwa Februari, mwaka wa arobaini na tisa.

Mama aliendelea kuchambua. Kisha akauliza Februari ni mwezi gani. Masila akamwambia: ule wa pili, wa jua, kabla ya mvua za masika.

"Nani alikuambia ulizaliwa jua likiwaka?" mama akauliza.

"Bwana Pruitt."

"Bwana Pruitt alikuwepo?"

Masila alichukua harage moja, akaligeuza vidoleni.

"Wewe jina lako ni nani?" mama akaendelea. Hakuwa amekasirika. "Mimi nilikuita Wambua. Masila ni la baba yako. Mwanamke wa Kikamba atamwita mtoto Wambua wakati mbuzi wanalamba vumbi? Mvua ya vuli ilikuwa inanyesha siku ya tatu. Nilikuwa natoka shambani kupanda, nikashindwa kuvuka mto, nikakuzaa kwa nyumba ya watu ng'ambo. Wazungu walikuja kupiga hema yao ukiwa hujatimiza mwezi."

Masila aliketi kwenye ngazi. Jambo la hema alilijua, kwa sababu kanisa la misheni lilijengwa mwaka uliofuata ujio wa hema, na jiwe la msingi lililoandikwa 1951 alilifagia yeye mwenyewe kila Jumamosi ya utoto wake. Hesabu ilikuwa rahisi, hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Alizaliwa mvua za vuli za mwaka wa hamsini. Novemba. Alikuwa mdogo kuliko alivyojijua, kwa mwaka mmoja na miezi tisa.

Kilichomkaa moyoni usiku ule kilikuwa kitu kingine. Jina la Wambua alilibeba miaka yote hiyo, na maana yake, mtoto wa mvua, aliijua. Alikuwa amesoma kila alichopata kuhusu mama wa Lincoln na baba wa Darwin. Lakini mama yake mwenyewe, yeye Masila hakuwahi kumuuliza lolote.

Priscilla aliposikia, jambo la kwanza alilolifikiria ni Mbeke, kitinda mimba wao, aliyekuwa kidato cha pili. Priscilla alikuwa mshonaji katika kiwanda kimoja cha nguo za kuuzwa nje, cha EPZ kule Athi River. Alirudi kila jioni miguu imevimba, akaitia kwenye karai la maji ya chumvi. Alisema, miguu ikiwa bado karaini, kwamba hii ni baraka. Kama kweli alizaliwa Novemba ya hamsini, basi atafundisha mpaka Novemba 2005, na Mbeke atakuwa anamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi huo huo.

"Baba Mbeke, enda ubadilishe," alisema. "Si uongo. Ni ukweli wa Mungu, mama amesema."

Masila alimtazama mkewe kwenye mwanga wa taa, akaona kwamba naye amechoka sawa na yeye, na hana tarehe yoyote inayomkaribia. Alisema atakwenda. Moyoni miezi ile mitano ilikuwa imegeuka ishirini na sita, na alijisikia kama mtu aliyefika mlango wa nyumba yake akaambiwa amesahau mzigo alikotoka.

Kabla ya kwenda Kajiado alitaka kujua jambo moja. Jumamosi alisafiri mpaka Kiserian kumwona Maweu, mvulana waliyesimama naye kwenye mstari ule wa sitini na mbili. Maweu sasa alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na machimbo ya mawe, mtu mnene, mchangamfu, kofia ya sufu kichwani hata mchana. Walikaa juu ya magunia ya saruji. Masila alimuuliza kama anaikumbuka rejista ya Bwana Pruitt.

Maweu alicheka mpaka akashika kifua. Rejista gani, alisema. Mtu yule alikuwa na kitabu cha siku za kuzaliwa za watu maarufu, kila ukurasa siku moja, na alikuwa anagawa. Yeye alipewa kumi na tisa Machi, ya Livingstone, akaambiwa atakuwa msafiri. Na mwenzao mmoja aliyekuja kuwa dereva wa malori alipewa kumi na mbili Mei, ya Florence Nightingale, na mpaka alipokufa aliogopa watu wajue kwamba ana siku ya muuguzi wa kike.

"Sisi wote tulijua, Masila," alisema. "Tulicheka njia yote kwenda nyumbani. Wewe hukucheka?"

Masila alisema hakumbuki. Kisha akauliza swali lililomleta. Alitaka kujua kama Bwana Pruitt aliwachagulia, kama alimpa kila mtu siku kwa kadiri alivyomwona.

Maweu aliacha kucheka. Alimjua rafiki yake, na aliona swali lilikotoka. Akajibu taratibu kwamba hakuona mtu akichagua. Mzungu alikuwa anafungua kitabu popote kilipofungukia. Nje kulikuwa na wavulana arobaini, na alikuwa na safari ya Machakos mchana huo.

Walikunywa soda. Maweu akamwonyesha mawe mapya yaliyotoka machimboni. Njiani kurudi Masila alingoja hasira ije, maana aliona ana haki nayo, lakini haikuja. Alijisikia mwepesi na mpumbavu kidogo. Mtu mmoja mwenye haraka alifungua kitabu, na kwa ajili hiyo yeye alikuwa amejichapa miaka arobaini kwa kutokuwa rais.

Juma lililofuata walikwenda Kajiado, yeye na mama yake. Ofisini kulikuwa na benchi refu na watu wengi. Mbele yao alikuwapo bibi wa Kimaasai aliyetakiwa kusema alizaliwa lini, akajibu kwa jina la rika la kaka yake na la ukame fulani. Karani, binti wa Kiluhya aliyeitwa Lorine, aliandika polepole, akimwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, kwa heshima, akiuliza tena na tena bila kupandisha sauti. Ilichukua karibu saa nzima. Mama Kaluki alilala akiwa ameegemea bega la mwanawe.

Zamu yao ilipofika, Masila alitoa barua ya chifu, na mama akasema ya mto na ya mvua, mwanawe akimtafsiria. Lorine aliandika mwezi wa Novemba na mwaka wa 1950. Kisha akauliza siku.

Mama hakuijua. Lorine akaeleza kwamba fomu haiwezi kubaki wazi, na kwamba wengi huweka tarehe mosi.

Masila alifikiri. Alijua nani alizaliwa tarehe nyingi za mwaka, kichwa chake kilikuwa kimejaa. Akamuuliza binti yule yeye angependa siku gani.

"Mimi, mwalimu? Kwani ni yangu?" Lorine alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Leo ni tarehe ishirini na mbili. Weka hiyo, huwezi sahau."

Yeyote aliyezaliwa Novemba ishirini na mbili, Masila hakumjua, na aliamua hatamtafuta. Akasema iandikwe hiyo.

Alipeleka nakala ya cheti kwa Madam Adero, naye akaituma kwa mwajiri pamoja na barua ya kuomba tarehe irekebishwe. Jibu lilikuja Januari, mistari minne. Tarehe aliyojaza mwalimu alipoajiriwa mwaka wa sabini ndiyo itakayofuatwa. Atastaafu kumi na mbili Februari kama ilivyopangwa.

Madam Adero alimpa barua ile kwa uso wa pole, maana aliijua habari ya Mbeke. Masila aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Alitembea mpaka nyuma ya choo cha walimu, mahali pasipopita mtu, akasimama akitazama uwanda ule ambao zamani nyumbu walipita kwa mamia, siku hizi umejaa nyaya za ua na misingi ya nyumba. Alikuwa anafurahi. Aliona aibu kufurahi, akimfikiria mkewe na karai lake la maji ya chumvi, lakini furaha ilikuwepo. Alikuwa amesema ukweli kwa kadiri alivyoujua, na ukweli ulikuwa umekataliwa. Sasa angeweza kwenda kuketi.

Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Gwaridani watoto elfu moja na zaidi walingoja habari za Linkoni. Masila aliwasimulia kama kawaida, kibanda cha magogo na nyumba ya daktari. Alipofika mahali pa kujitaja, alisogea hatua moja karibu na watoto.

"Mimi sikuzaliwa siku hii," alisema. "Niliambiwa hivyo na mtu, nikaamini bila kumuuliza mama yangu. Wale wawili ni kweli, walizaliwa leo. Lakini siku haikuwafanya chochote. Walifanya kazi, na wote wawili walichoka sana. Mkifika nyumbani leo, ulizeni mlizaliwa lini na kulikuwa kunaendelea nini."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hawakujua kama amemaliza. Kisha kengele ikalia.

Majuma matatu ya kwanza alilala. Priscilla alikuwa akitoka alfajiri na kumwacha kitandani, akirudi anamkuta amepika, amelisha kuku, na amelala tena kwenye kiti. Hakumsema. Lakini malipo ya uzeeni hayakuja Machi, wala Juni, kwa sababu faili lilikuwa na tarehe moja na cheti kilikuwa na nyingine, na kila meza ilitaka maelezo kutoka meza nyingine. Masila alisafiri, alingoja kwenye mabenchi, alijaza fomu zile zile. Mara moja tu, mwezi wa Agosti, Priscilla, ingawa ndiye aliyemhimiza, alimwambia kwamba angenyamaza tu kuhusu ile Novemba, mambo yangekuwa yameisha. Masila alikubali kwamba ni kweli. Kisha akaanza kufundisha watoto wa majirani jioni sebuleni, kumi tu, waliokaa kila mmoja kwenye kiti chake. Januari mwaka wa 2005 mambo ya faili yalikwisha na malipo yakaanza kuja. Mbeke alimaliza kidato cha nne mwaka huo, akafaulu kiasi.

Mama Kaluki alifariki Agosti mwaka wa 2006, katika usingizi wake. Mbeke ndiye aliyeandika kijikaratasi cha mazishi, na alitaka juu ya picha ya nyanya yake kuwe na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, kama walivyo nazo watu wengine. Alikuja kwa baba yake na kalamu, akapendekeza waweke siku nzuri, hata Krismasi, maana nani atajua.

Masila alimwambia aandike, kama nyanya yake mwenyewe alivyomsimulia baada ya safari ya Kajiado, kwamba alizaliwa kilimani, nyumbani kwa Mzee Ndunda, mtama ukiwa unakomaa. Mbeke akauliza mwaka. Masila akasema hakumuuliza, na sasa hakuna wa kuulizwa. Binti aliandika hivyo hivyo alivyoambiwa, na mchungaji alipousoma mstari ule kaburini aliusoma mara mbili, akidhani kuna kitu kimerukwa.

Waliporudi Kitengela jioni ya siku iliyofuata, Priscilla alikwenda moja kwa moja kubandika maji ya miguu yake. Masila alivuta kigoda, akaketi mkabala naye, akavua viatu vyake pia, na wote wawili wakatia miguu katika karai moja.